Subira ya Mwambani Ifike Kwenye Sinia

CHUMVI YA PWANI
Na Zuhura Ngaula

Anayechokoa pweza Songo Songo haendi mwambani kila anapojisikia. Husubiri bamvua, maji yatoke, mwamba uonekane. Baadhi ya vijiji vya pwani yetu hata hufunga mwamba kwa takriban miezi mitatu ili pweza wakue. Faida ya subira hiyo huonekana kwenye mzani siku mwamba unapofunguliwa.

Mbele ya sinia, subira hiyo hatuna. Macho yako kwenye simu, mkono umesharudi kwenye ubwabwa kabla tonge la kwanza halijashuka. Tumbo huchukua kama dakika 20 kuuarifu ubongo kwamba limetosheka. Mwenye pupa, taarifa humkuta kwenye sahani ya pili.

Siwaambii muache wali wa nazi. Tumelelewa nao. Lakini wazee wetu waliula, kisha wakavuta makasia na kutembea mwambani kutwa. Leo mashua nyingi zina injini. Gesi ya kisiwa hicho cha Songo Songo ilianza kwenda Dar es Salaam mwaka 2004. Umeme nao ukaja, friji zikafuata, na soda baridi sasa iko dukani kila saa. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima akiweza asizidi kama 6 kwa siku nzima, chai ikiwemo.

Mwaka 2010, utafiti wa kitaifa wa afya ulikuta asilimia 22 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi. Ule wa 2015-16 ukakuta 28. Nasi bado kila aliyenenepa tunamsifu kwamba amenawiri, hata kama magoti yanamuuma na presha inampanda.

Ndugu zangu, tuanzie nyumbani. Simu ikae mbali. Samaki na kisamvu vitangulie, wali ufuate. Tonge limezwe kabla ya kufinyanga lingine. Ukitaka kuongeza, zungumza kwanza na uliokaa nao, kisha lisikilize tumbo. Masheikh wetu wametufundisha tangu chuoni: theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi.

Anayefunga mwamba hamchukii pweza. Anataka aendelee kumla miaka mingi ijayo. Nasi wali wetu tuule hivyo.