Nani ameishusha Namungo? Tupime lawama moja moja

Ukipita Malolo jioni ambayo Namungo imefungwa, huna haja ya kuuliza matokeo. Utayasikia kwenye kijiwe cha bodaboda, kwenye kibanda umiza, na ukiwa msimu wa korosho utayasikia hata kwenye foleni ya mizani ghalani. Baada ya matokeo hufuata ubishi ule ule: nani ameiua timu yetu?

Wasikilizaji wetu wa Ruangwa na Nachingwea wamebishana hivyo kwa misimu kadhaa, na wanaotajwa hawabadiliki. Ni wachezaji, kocha, viongozi, au "wakubwa". Leo tunazipima lawama hizo kwa kumbukumbu zilizopo, kwa sababu tukimlaumu asiyehusika, anayehusika anaendelea na shughuli zake.

Kwanza tukumbushane timu ilikuwa wapi. Namungo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019. Katika msimu wake wa kwanza kabisa, ligi ikiwa na timu 20, ilimaliza nafasi ya nne nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Msimu huo huo ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, ikafungwa na Simba mabao 2-1 pale Sumbawanga, Agosti 2020. Simba walikuwa tayari mabingwa wa ligi, hivyo tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaja Ruangwa. Yanga na Azam wakabaki nyumbani. Wauaji wa Kusini wakapanda ndege.

Na safari ile haikuwa ya kutalii. Iliwatoa Al Rabita ya Sudan Kusini, kisha Al Hilal Obeid ya Sudan. Ilipokwenda Angola kucheza na Primeiro de Agosto, Februari 2021, msafara ulizuiwa Luanda kwa sababu ya vipimo vya korona na mechi ikafutwa. Mechi zote mbili zikahamishiwa Dar es Salaam. Namungo ikashinda ya kwanza 6-2, ikafungwa ya pili 3-1, ikapita kwa jumla ya mabao 7-5 na kuingia hatua ya makundi.

Huko ndiko tulikokutana na ukweli. Raja Casablanca ya Morocco, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia: mechi sita, tumefungwa zote sita, bila kufunga bao hata moja. Tangu hapo Namungo haijarudi kwenye mashindano ya Afrika. Haijashuka daraja pia hadi msimu wa 2024/25 unamalizika, jambo ambalo wabishi wengi hulisahau, ila mazungumzo yake yamehama kutoka "tutacheza na nani Afrika" hadi "tumebakiza pointi ngapi tusishuke".

Sasa tuanze na kocha, maana ndiye anayelaumiwa haraka kuliko wote. Hitimana Thierry wa Rwanda ndiye aliyeifikisha timu nafasi ya nne. Aliondoka Novemba 2020, kabla hata ya mechi za Afrika. Akaja Hemed Suleiman "Morocco", ambaye baadaye aliinoa Taifa Stars. Baada yake wakapita Honour Janza wa Zambia, Denis Kitambi, Cedric Kaze wa Burundi, Kitambi kwa mara nyingine, Mwinyi Zahera, na mwishoni mwa 2024 Juma Mgunda. Hao ni watu saba, na mmoja wao kaitwa mara mbili, ndani ya takribani miaka minne.

Angalia orodha hiyo kwa utulivu. Kaze na Zahera waliwahi kuifundisha Yanga. Mgunda alitoka Simba. Si watu wasiojua mpira. Kama dereva saba wenye leseni wanaendesha gari moja na wote wanalalamikiwa, fundi atataka kuliangalia gari. Isitoshe, kila kocha mpya huja na wachezaji wake, na kila mchezaji anayeachwa kabla ya mkataba kwisha hudai chake. Hilo ni gharama ambayo mtu wa kijiweni haioni anapopiga kelele kocha atimuliwe.

Lawama ya pili inahusu "wakubwa", na tuiseme wazi kwa kuwa kila mtu anaisema kwa kunong'ona. Uwanja wa Ruangwa una jina la Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa tangu 2010 na Waziri Mkuu tangu Novemba 2015 hadi Novemba 2025. Wapo wanaosema timu ilipanda kwa sababu yake. Wapo wanaosema imelegea kwa sababu mikono ya wakubwa imelegea. Lakini hebu tupange tarehe. Namungo ilipanda 2019 yeye akiwa Waziri Mkuu. Ilicheza Afrika 2021 yeye akiwa Waziri Mkuu. Ilipoanza kuhangaika misimu iliyofuata, Waziri Mkuu alikuwa huyo huyo na mbunge huyo huyo. Jambo ambalo halikubadilika haliwezi kueleza kwa nini timu imebadilika. Atakayetaka kutumia hoja hiyo asubiri misimu ya baada ya 2025, ndipo kutakuwa na cha kulinganisha.

Kilichobadilika ni wenzetu. Mei 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wa Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10. Fedha hizo hazigawanywi sawa kwa sawa, anayemaliza juu hupata zaidi, lakini kila klabu ilinyanyuka kidogo. Kisha tazama majina ya timu tunazopambana nazo siku hizi: Dodoma Jiji, Pamba Jiji, Mbeya City, KMC, hizo zina halmashauri nyuma yake. JKT Tanzania na Mashujaa zina jeshi. Tanzania Prisons ina Magereza. Azam ina kampuni. Mchezaji wa timu ya jeshi anaweza kupata na ajira, mpira ukiisha anabaki na kazi. Namungo haibebi jina la jiji, jeshi wala kampuni. Imebeba jina la kijiji cha Ruangwa. Mwaka 2019 pengo hilo lilizibika kwa morali na usajili mzuri wa msimu mmoja. Kulizibua tena kila mwaka ni kazi nyingine, hasa kwa timu ambayo ikitoka Ruangwa kwenda Mwanza au Kigoma inavuka nchi nzima.

Na hapa kuna kumbukumbu ambayo tungependa kila mbishi wa Malolo aichukue. Tazama timu ndogo zilizopoteza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kabla yetu. Mwaka 2017 ilikuwa Mbao ya Mwanza, ikafungwa na Simba. Mwaka 2018 Singida United, ikafungwa na Mtibwa Sugar. Mwaka 2019 Lipuli ya Iringa, ikafungwa na Azam hapa hapa mkoani kwetu, Uwanja wa Ilulu mjini Lindi. Zote tatu zilisifiwa kama tulivyosifiwa sisi. Zote tatu zilishuka daraja katika msimu mmoja, 2019/20. Jirani zetu Ndanda wa Mtwara walishuka nao, msimu ule ule ambao sisi tulikuwa tunashangilia nafasi ya nne.

Kwa hiyo ukiuliza kwa nini Namungo imeporomoka, unaweza pia kuuliza kwa nini bado ipo. Viongozi wanaotukanwa kila wiki wamefanya kitu ambacho wenzao watatu walishindwa. Hatusemi hivyo ili kuwatetea kwa kila jambo. Kubadili makocha kiasi kile ni uamuzi wao, na wao ndio wa kuulizwa.

Sisi mashabiki nasi tusijifiche. Simba au Yanga ikija, uwanja unafurika, ila rangi zinazofurika ni nyekundu, kijani na njano. Kijana aliyezaliwa Malolo anavaa jezi ya Yanga, anaishangilia Yanga dhidi ya Namungo, kesho yake asubuhi anauliza nani ameiua Namungo. Mechi dhidi ya timu ya kawaida, siku ya kazi, jukwaani unaweza kuchagua pa kukaa.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya shabiki na mwenye mali, na hapo ndipo ubishi wetu unapokwama. Mkulima wa Malolo anajua kuuliza. Korosho yake inapoingia mnadani kupitia AMCOS na chama kikuu cha RUNALI, anajua bei iliyotangazwa siku hiyo, anajua makato, na shilingi chache zikipungua kwenye kilo mkutano unaweza kwenda asubuhi nzima. Anauliza kwa sababu ana namba ya uanachama. Katika klabu za wanachama nchini, anayesimama mkutanoni kuuliza hesabu ni mwenye kadi. Mwenye jezi huishia kijiweni.

Maswali ya kuuliza si magumu: fedha za matangazo za msimu uliopita zilikuwa kiasi gani, ngapi zilikwenda kwenye mishahara, ngapi kwenye safari, na ngapi zililipwa kwa makocha na wachezaji ambao walishaondoka. Tungeanza na hilo la mwisho.