Gundi Isiyonyeshewa

Mwenzetu aliyeandika kwamba gundi za asili zitaiondoa saruji vijijini amesahau kitu kimoja: mvua. Ni kweli, zanthani, gundi itengenezwayo na bakteria, ikichanganywa na udongo hata kwa asilimia 1 tu ya uzito, tofali likikauka hukaza ajabu. Lakini gundi hiyo inapenda maji. Huyanywa, huvimba, hulainika, na nguvu nyingi huondoka nayo. Lilowe na kukauka mara kadhaa, kingo zitaanza kumomonyoka.

Sasa lilete huku kwetu Kagongwa. Mvua ni Novemba hadi Aprili, na udongo mweusi wa mbugani, huohuo unaotupa mpunga, huvimba masika na kupasuka kiangazi. Bibi zetu walikandika kuta kwa samadi (nayo ni gundi, ati!), ila hawakudanganywa na ukuta mkavu: waliteremsha paa la nyasi karibu na ardhi, na ukuta ukichakaa wakakandika upya. Kazi hiyo ya kurudiarudia ndiyo gharama, na mwandishi hakuihesabu.

Kutuliza vumbi la barabara kiangazi kwa gundi hizo, nakubali. Ukuta usio na upenu? Auache nje hadi Aprili, kisha aandike tena.