BAKORA YA MCHEZO SI NGAO YA VITA

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba, 2017, watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Cabo Delgado. Tokea hapo, askari wa mwambao ule, kutoka mji huo hadi Palma na Mto Ruvuma, hana budi kujiuliza: adui akinikaribia hata tukashikana, nitajihami vipi?

Wapo wasemao kwamba mbinu za wazee zatosha. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Huko Lamu, katika kirumbizi, watu wawili hupambana kwa bakora ngoma zikilia. Makunduchi, Unguja, katika sherehe za Mwaka Kogwa kila Julai, wanaume huchapana kwa migomba. Michezo hii hufunza jicho kuliona pigo kabla halijafika, hufunza wepesi wa mguu na, zaidi ya yote, kuizuia hasira.

Lakini mchezo una kanuni, panga halina. Mchezoni mpinzani yu mbele yako, silaha zenu ni sawa, na mwisho wenu ni kurudi nyumbani mkiwa majirani. Mshambuliaji huja gizani, pamoja na wenzake, na huenda akaanza kwa kuinyakua bunduki yako. Kwa hiyo askari afundishwe kuilinda silaha yake, kujinasua akikabwa, kukaa mbali na urefu wa panga na kumwita mwenzake. Tena ayarudie hayo akiwa amechoka na amebeba mzigo.

Lipo kubwa zaidi. Kwenye kizuizi cha barabarani, anayemsukuma askari aweza kuwa mkimbizi mwenye njaa au mvuvi mwenye hofu. Askari asiyejua kuitumia mikono yake hubakiwa na risasi tu. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zamtaka mlinzi wa sheria atangulize, kadiri iwezekanavyo, njia zisizo za nguvu. Amri hiyo haitekelezeki bila mazoezi. Raia mmoja akiuawa bure, kijiji kizima hufumba mdomo, na adui hupata maficho.

Wahenga walinena: hamadi ni iliyo kibindoni, na silaha ni iliyo mkononi. Makamanda wawape askari mazoezi hayo kila wiki. Bakora ya wazee na iwe mwanzo wa somo, isiwe mwisho wake.