Kila Toleo Jipya Lazima Miungu Iuawe?

Jamani, hii tabia imezidi. Mabosi wa Dungeons & Dragons wakibadili sheria za mchezo, dunia ya Forgotten Realms ndiyo inayokula kipigo. Mwaka 1989, kuelekea toleo la pili, miungu ikashushwa ardhini na wauaji wa kukodiwa wakafa kwa mpigo, kisa sheria mpya ziliwafuta.

2008 ndiyo balaa lenyewe. Toleo la nne likaja na uchawi wa aina nyingine, basi Mystra, mungu wa kike wa uchawi, akauawa, kalenda ikarushwa karibu miaka 100 mbele. Bara zima la Maztica likayeyuka! Jamaa kacheza na washkaji zake miaka kumi, ghafla mhusika wake kashakuwa mifupa, na ramani aliyonunua kwa hela yake ni ya kufungia maandazi.

2014, toleo la tano: Mystra huyoo, yupo hai. Eti shwari. Sasa walimuua wa nini? Kubadili hesabu za dadu kunahitaji kitabu kipya cha sheria, siyo msiba. Ndiyo maana wengine hadi leo wanachezea boksi la 1987, na hawabanduki.