"Vilifanywa" na nani? Kiingereza cha wakubwa na mtenda anayepotea

Kwa siku mbili zilizofuatana mwaka 2023, viongozi wawili wa Ulaya walisimama katika ardhi ya Afrika Mashariki kuzungumzia damu iliyomwagika enzi za ukoloni. Tarehe 31 Oktoba, Mfalme Charles wa Uingereza alihutubia dhifa ya kitaifa jijini Nairobi. Kesho yake, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, kusini mwa Tanzania, kwenye makumbusho ya Vita vya Majimaji, pamoja na wajukuu na vitukuu wa wapiganaji walionyongwa.

Mfalme alisema, kwa Kiingereza, kwamba kulikuwa na vitendo vya ukatili vya kuchukiza, visivyo na uhalali, vilivyofanywa dhidi ya Wakenya walipokuwa wakipigania uhuru wao, na kwamba hakuna udhuru kwa hayo. Rais alisema, kwa Kijerumani, kwamba anaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwafanyia wazee wa watu wale, pale pale.

Ziweke kauli hizo mbili kando kando, msikilizaji. Katika ya Songea, Wajerumani wamo. Katika ya Nairobi, Wakenya wamo, ukatili umo, lakini aliyeufanya hayumo. Wengi siku zile walilitafuta neno "samahani" katika hotuba ya Mfalme na hawakuliona. Sisi tunataka kuzungumzia kitu kidogo kuliko hicho, ambacho hakikutajwa sana: umbo la sentensi yenyewe.

Tuanze shambani. "Mbuzi wamekula mahindi." Hapo kila mtu anajua nani kafanya nini. Unaweza kuigeuza: "Mahindi yameliwa na mbuzi." Mbuzi bado wapo, ila wamesogezwa mwisho. Halafu unaweza kukata huo mkia: "Mahindi yameliwa." Sentensi imekamilika, haina kosa lolote, na mwenye mbuzi analala usingizi wake bila wasiwasi. Shuleni walituambia hiyo ni kauli ya kutendwa.

Kiingereza kina kauli hiyo hiyo, ila kinaiunda kwa njia nyingine. Sisi tunaingiza kijisauti "w" ndani ya kitenzi: kula, kuliwa, kupiga, kupigwa. Wao hutanguliza kitenzi kidogo chenye maana ya "kuwa", na mtenda, kama wakipenda kumtaja, hufuata nyuma baada ya neno "by", kama sisi tunavyosema "na". Kilicho nyuma ni rahisi kukatwa. Ndiyo maana Kiingereza cha ofisi, cha mahakama na cha polisi kimejaa sentensi zisizo na mkia.

Si kila sentensi ya namna hiyo ni ya ujanja. Ukisema "baiskeli yangu imeibwa", humfichi mtu, kwani mwizi humjui. Nasi tunaposoma kwamba watu watatu wameuawa usiku, tunatanguliza waliokufa kwa sababu ndio habari, na muuaji huenda bado anatafutwa. Mwandishi wa Kiingereza George Orwell aliwashauri wenzake mwaka 1946 wasitumie kabisa kauli ya kutendwa pale wanapoweza kutumia ya kutenda, na katika insha hiyo hiyo aliitumia mwenyewe mara nyingi. Kwa hiyo tusiilaumu sarufi. Swali ni kama msemaji anamjua mtenda na bado anamwacha nje.

Wamarekani wana mfano wao maarufu, sentensi ya maneno matatu: "Mistakes were made", yaani makosa yalifanywa. Rais Ronald Reagan alisema hivyo mbele ya Bunge Januari 1987, akizungumzia kashfa ya silaha zilizouzwa Iran kwa siri. Bill Clinton naye akaitumia miaka kumi baadaye, katika suala la uchangishaji wa fedha za chama chake. Huko sasa imekuwa utani: mwanasiasa akiitamka, watu hucheka.

Hola haikuwa utani. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walikufa katika kambi ya Hola, leo kaunti ya Tana River nchini Kenya, ambako serikali ya kikoloni ilikuwa imewafungia watu iliowatuhumu kuwa Mau Mau. Taarifa ya kwanza ya serikali, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilisema kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka kwenye mkokoteni wa maji. Uchunguzi wa vifo ulionyesha kwamba maji hayakuhusika. Walipigwa, na waliowapiga walikuwa walinzi wa kambi.

Tazama vizuri taarifa ile. "Vifo vilitokea" si kauli ya kutendwa hata kidogo. Ni kana kwamba vifo vilikuja vyenyewe, kama mvua. Kwa hiyo anayetaka kumficha mtenda kwa Kiingereza ana zaidi ya mlango mmoja, na kauli ya kutendwa angalau inaacha ufa: mtu anaweza kuuliza "by" nani? Ukiambiwa vifo vilitokea, sentensi haina hata nafasi ya kuliweka jibu.

Milango yote miwili ilitumika pia mwaka 2013. Tarehe 6 Juni, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, aliliambia Bunge la London kwamba serikali yake inatambua kuwa Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni. Mtenda katajwa, tena waziwazi. Lakini katika majuto yenyewe, alisema serikali inajutia kwamba maovu hayo yalitokea. Katikati ya kutambua na kujuta, utawala wa kikoloni umeteremka garini.

Kwa nini uangalifu wote huo? Kwa maoni yetu, ni kwa sababu ya mahakama. Tangazo la Hague liliambatana na makubaliano ya pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228 wa Kenya na gharama za kesi yao, na katika hotuba hiyo hiyo alisisitiza kuwa serikali ya leo haikubali kubeba dhima ya kisheria kwa vitendo vya utawala ule. Mfalme naye, katika ziara ya kitaifa, husema kwa ushauri wa mawaziri. Wanasheria wanajua kuwa jina la mtenda likishatamkwa na kiongozi, linaweza kurudi siku moja ndani ya jalada la kesi.

Sasa tujiseme na sisi, maana habari hizi huja kwetu kwa Kiingereza na tunazitafsiri mbio mbio kabla ya taarifa ya saa. Kiswahili kina umbo ambalo Kiingereza hakina katika kitenzi chake: kikombe kimevunjwa, kikombe kimevunjika. Mtoto yeyote aliyeangusha kikombe cha mama anajua achague lipi. Ukisema "vilifanywa", bado unaweza kuongeza "na askari wa Uingereza". Ukisema "vilifanyika", huwezi kuongeza kitu, sentensi imefungwa kwa ndani. Na mara ngapi tumesoma redioni "makosa yalifanyika", "ukatili uliofanyika"? Mara nyingi. Masikio yamezoea, na ulimi unateleza. Hapo mtafsiri amemsamehe mkoloni kuliko Mwingereza mwenyewe alivyojisamehe.

Kwa hiyo tumekubaliana chumba cha habari kwamba msemaji akisema kwa Kiingereza vitu vilifanywa, tutasema vilifanywa, na kama mtenda anajulikana kwa ushahidi ingawa msemaji hakumtaja, tutaongeza sentensi yetu wenyewe kusema hivyo, bila kumtilia maneno mdomoni. Sentensi ya Mfalme tutaisoma kama ilivyo. Inayofuata itakuwa yetu: vitendo hivyo vilifanywa na utawala wa kikoloni wa Uingereza, askari wake na walinzi wa kambi zake, kati ya mwaka 1952 na 1960.

Ugonjwa huu, kwa bahati mbaya, umeshavuka kutoka Kiingereza cha ofisi hadi kwenye mbao za matangazo za vijiji vyetu. "Imeamuliwa kwamba eneo hili lisilimwe." "Imeagizwa kwamba mifugo iondolewe." Ukikutana na karatasi ya namna hiyo, ipige picha kwa simu yako, kisha uulize kwenye mkutano wa kijiji: imeamuliwa na nani, na kikao gani, tarehe ngapi?