Staa, Hiyo Glock Siyo Mkanda wa Suruali

Wadau, yule staa aliyeposti picha na bastola kiunoni kanikera. Siyo wivu. Huku Nachingwea namiliki kihalali mwaka wa 13 sasa, maana msimu wa korosho natembea na hela za watu. Naona mnabishana Glock na Beretta ipi kali. Kali kwa nani?

Nilianza na Beretta 92. Bila risasi inakaribia kilo moja. Piga nayo bodaboda mpaka Ruangwa uone kiuno kitakavyokusema. Ila ina sefti ya kusukuma kwa dole gumba, na hata ukiiondoa, kama nyundo imelala, risasi ya kwanza inataka uvute kifyatulio kwa nguvu kweli. Hapo katikati mtu anaweza kughairi.

Glock 17 niliyonayo sasa fremu yake plastiki, nyepesi, magazini inabeba 17 wakati Beretta 15. Kubeba ni raha tupu. Lakini sefti ya pembeni haina! Kinga yake kuu imo kwenye kifyatulio chenyewe: kidole kikivuta, au hata pindo la shati likinasa humo, imetoka hiyo.

Sasa mwenzetu kaichomeka ndani ya jinzi bila mkoba wake, kidole kwenye kifyatulio, glasi mkono wa pili. Jamani, ameielekeza kwenye paja lake mwenyewe!

Kwa anayeanza, mimi nampa Beretta, bora aumie kiuno. Staa, wewe kanunue mkoba kwanza.