Wabangande wa Mali: Lugha Pekee Haitoshi Kumtambulisha Mtu

Aghalabu huaminiwa kwamba lugha ndiyo kitambulisho kikuu cha jamii. Wahenga nao walinena kuwa mkataa kwao ni mtumwa. Lakini je, kwao mtu ni wapi, na ni nani mwenye haki ya kupaamua? Swali hili lajitokeza waziwazi miongoni mwa Wabangande, jamii ya watu elfu chache tu waishio katika vijiji vichache karibu na majabali ya Bandiagara, nchini Mali.

Wabangande hujiita Wadogon, na hushikilia kwamba lugha yao, Bangime, ni mojawapo ya lugha za Kidogon. Majirani zao Wadogon hulikana dai hilo. Wanaisimu, wakiwemo Roger Blench na Abbie Hantgan, aliyeandika tasnifu kuhusu lugha hiyo mwaka wa 2013, wamebainisha kwamba Bangime ni lugha pweke, isiyo na ukoo wowote unaojulikana. Imekopa maneno ya Kidogon, naam, lakini msamiati wake wa msingi na sarufi yake ni vya asili nyingine. Yamkini ni masalio ya lugha zilizozungumzwa huko kabla ya Wadogon kuwasili.

Je, basi, Wabangande wanajidanganya? La hasha! Mwanaisimu aweza kueleza nasaba ya maneno, ila hilo halimpi mamlaka ya kumpangia mtu ukoo. Jamii iliyoishi katika majabali yale yale kwa karne nyingi, ikifuata mila zinazoshabihiana na za majirani zake, ina haki ya kupaita hapo kwao.

Hata hivyo, haki hiyo ina gharama. Lugha inayohesabiwa kuwa lahaja tu ya kundi kubwa ni rahisi kukosa kamusi, kitabu cha shule na mtetezi. Isitoshe, vita vilivyozuka Mali mwaka wa 2012 vilienea baadaye hadi eneo hilo. Vijiji hivyo vichache vikitawanyika, Bangime haina ndugu wa kuihifadhia hata neno moja.

Kwa mantiki hii, wasomi wa lugha za Kiafrika hawana budi kuitambua Bangime kuwa lugha kamili, pasipo kuwavua wenyewe Udogon wao. Anayeitetea lugha kwa kuwapuuza waizungumzao hajaitetea.